Gari mpya mbovu Marekani: ukiwa na karatasi sheria iko upande wako

Kuna imani moja imekaa sana kwa watu wetu huku Marekani, kwamba ukinunua gari mpya kwa dila, yule muuzaji wa magari mwenye shorumu, na ukaona haikufai una siku 3 za kuirudisha. Hamna kitu kama hicho. Ile sheria ya siku 3 ipo kweli, ni ya FTC, tume ya shirikisho inayosimamia biashara, ila inamhusu yule aliyekuja kukuuzia kitu nyumbani kwako au kwenye ukumbi wa hoteli aliokodi kwa siku mbili. Gari uliyosaini mezani kwa dila haimo. Ukishasaini na ukatoka getini gari ni yako na mkopo ni wako, hata kama wiki ya pili inaanza kukuzimikia katikati ya haiwei, huwezi tu kwenda kuweka funguo mezani ukadai hela yako. Njia ipo, lakini ni nyingine kabisa na ina kona zake, na wengi wanaopotea wanapotelea kwenye kona hizohizo.

Gari mpya iliyotoka kiwandani na ugonjwa usiopona Wamarekani wanaiita limau, na sheria zake ndo hizo unasikia zinaitwa Lemon Law. Nasema zake kwa wingi makusudi, kwa sababu hakuna sheria moja ya nchi nzima. Majimbo yote 50 kila moja lina ya kwake, Washington DC pia wana yao, na juu ya zote hizo kuna ya shirikisho inaitwa Magnuson-Moss ya mwaka 1975 ambayo haihusu magari tu, inahusu kila bidhaa ya mtumiaji inayouzwa na waranti ya maandishi, yaani ile dhamana ya mtengenezaji, kuanzia friji mpaka gari. Kwahiyo ndugu yako wa Houston, Texas, akikushauri kitu na wewe uko Columbus, Ohio, msikilize kwa heshima alafu nenda kasome ya Ohio.

Kabla ya hapo ilikuwaje? Waranti zilikuwepo, tena nzuri tu kwa maandishi. Shida ni kwamba waranti ilikuwa inaahidi kutengeneza, haikuahidi kwamba gari itapona. Unapeleka, wanatengeneza, inaharibika, unapeleka tena, wanatengeneza tena, na kwa maandishi yao wenyewe wao bado hawajavunja ahadi yoyote, kila ukija wanakupokea vizuri na kahawa wanakupa. Ungeweza kushtaki kwa sheria za kawaida za mauziano, lakini gharama ya wakili ingemeza nusu ya bei ya gari, nani ataenda? California walianza kubana mwaka 1970 kwa sheria ya waranti inayoitwa Song-Beverly, Magnuson-Moss ikafuata 1975, alafu mwaka 1982 mbunge mmoja wa Connecticut, John Woodcock, akapitisha sheria ya kwanza ya magari malimau kwa jina hilo, na mwaka huohuo California nao wakaongeza ya kwao iliyopelekwa na mbunge Sally Tanner. Majimbo mengine yakafuatana.

Kitu kipya walichoweka ni hiki: kikomo. Mtengenezaji anapewa idadi ya majaribio yanayokubalika, akishindwa basi anachukua gari yake na kukurudishia hela, au anakupa nyingine. Ukilielewa hilo moja, mengine yote ni maelezo ya huo mstari.

Na uone nimesema mtengenezaji, sijasema dila. Hapa ndo pa kwanza watu wanapokosea. Mtu anapigana na dila miezi 6, anamuandikia meneja, anaweka nyota moja mtandaoni, anaenda kugombana pale shorumu mbele ya wateja, na wakati huo wote mtu anayedaiwa na sheria hajui hata kama huyu mteja yupo duniani. Dila kwa sehemu kubwa ni biashara inayojitegemea, amepewa ruhusa ya kuuza na kutengeneza kwa niaba ya kampuni, waranti ni ya kampuni. Gereji ya dila inahesabika kama mkono wa kampuni kwenye matengenezo, kwahiyo kila ukipeleka gari pale unahesabiwa jaribio moja, ila madai yenyewe yanakwenda kampuni, kwa anuani iliyoandikwa kwenye kitabu cha waranti, kile kitabu ambacho kiko kwenye droo ya mbele ya gari na hakijawahi kufunguliwa tangu ununue.

Sasa majaribio mangapi? Inategemea unaishi wapi. California ukiwa ndani ya miezi 18 au maili 18,000, kile kitakachotangulia, sheria inadhania gari yako ni limau kama tatizo lilelile limetengenezwa mara 4 au zaidi, au mara 2 kama ni tatizo linaloweza kuua au kujeruhi vibaya, au kama gari imelala gereji jumla ya zaidi ya siku 30, na hizo siku hazihitaji kufuatana. New York ni miaka 2 au maili 18,000, mara 4 au siku 30. Texas ni miezi 24 au maili 24,000, mara 4, au mara 2 kwa tatizo la hatari, au siku 30. Ohio dirisha lao ni fupi, mwaka 1 au maili 18,000, ila idadi ni ya huruma zaidi, mara 3 kwa tatizo lilelile, mara 1 tu kama linaweza kuua, na wana kipengele ambacho mimi nakipenda kuliko vyote, kwamba ikitengenezwa mara 8 kwa matatizo tofautitofauti nayo inahesabika, kwa sababu kuna gari haina ugonjwa mmoja, leo dirisha, kesho sensa, keshokutwa pampu ya mafuta. Minnesota ambako Waswahili ni wengi tu, ni mara 4 au siku 30 za kazi, lakini breki au usukani ukifeli kiasi cha kuhatarisha maisha jaribio 1 linatosha. Florida wanataka mara 3 alafu unaiandikia kampuni barua rasmi kuipa nafasi ya mwisho.

Alafu kuna vijimambo ndani ya namba hizo. Texas kwa mfano siku ambazo gari yako iko gereji lakini wamekupa nyingine ya kutembelea hazihesabiwi kwenye zile 30. Kwahiyo ile gari ya kuazima unayoishangilia, kwa upande wa kuhesabu siku inakurudisha nyuma. Sisemi uikatae, watoto lazima wafike shule, nasema ujue.

Na lingine ambalo hata baadhi ya wanaojiita wataalamu wanalipindisha: hizo namba kwenye majimbo kama California sio geti la kuingilia. Ni dhana ya kisheria. Maana yake ukizifikisha, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa kampuni, wao ndo waeleze kwa nini gari sio limau. Usipozifikisha haujashindwa, ila mzigo unaubeba wewe. Gari imeharibika mara ya kwanza ikiwa na maili 25,000, bado iko ndani ya waranti, umepeleka mara 3 na tatizo ni kubwa, bado unaweza kudai, unatakiwa tu uonyeshe kwamba nafasi walizopata zilikuwa za kutosha kwa mtu mwenye akili timamu. Nimeshaona watu wanakata tamaa kwa sababu walisoma mahali kwamba miezi 18 imepita. Lakini usibebe hii ya California ukaipeleka Ohio, huko dirisha ni dirisha kweli.

Tatizo lenyewe nalo lazima liwe na uzito. Maneno yanayorudiwa kwenye sheria karibu zote ni kwamba kasoro ipunguze kwa kiasi kikubwa matumizi, thamani au usalama wa gari, na isiwe imetokana na ajali yako au na wewe kuichokonoa. Kimlio cha plastiki kwenye dashibodi hakitakufikisha popote. Injini inayozima, gia zinazoruka, breki, maji kuingia ndani, umeme unaokufa, betri ya gari ya umeme isiyochaji, hivyo vina uzito. Katikati kuna uwanja wa mabishano, skrini kubwa inayojizima je? Ikiwa kamera ya nyuma na feni ya kuondoa ukungu kwenye kioo zote ziko humo ndani ya skrini, mimi naona huo ni usalama, lakini utalazimika kulieleza hivyo, ukiandika tu kwamba redio inasumbua watakuchukulia ni mtu wa redio.

Chukua mfano wa Ford Focus za 2012 hadi 2016 na Fiesta za 2011 hadi 2016 zilizokuwa na giaboksi ya klachi mbili, wenyewe waliiita PowerShift. Wenye magari walilalamika kwamba zinatetemeka zikiondoka taratibu, zinasita, nyingine zinapoteza nguvu barabarani. Ford wakaongeza waranti ya klachi mpaka miaka 7 au maili 100,000, na ya kompyuta ya giaboksi mpaka miaka 10 au maili 150,000, na baadae kukawa na kesi ya pamoja iliyoishia kwa makubaliano. Kwa mwenye gari mmojammoja swali lilikuwa lilelile, umepeleka mara ngapi, na karatasi inasemaje? Wawili wana gari pacha zenye tetemeko moja, mmoja ana karatasi 5 zimeandikwa gari inatetemeka, mwingine alikuwa anapita tu kumwambia fundi kwa mdomo wakati wa kubadilisha oili. Kisheria hao hawalingani hata kidogo.

Hapo ndo roho ya jambo lenyewe ilipo, na ndo maana nitakaa hapa kidogo. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila unapoacha gari gereji, hata kwa nusu saa, lazima utoke na ile karatasi ya kazi, wenyewe wanaiita ripea oda. Sio risiti ya malipo, maana kwenye waranti hulipi kitu na watu wengine wanadhani kwa sababu hawajalipa basi hamna karatasi. Ipo, na ni haki yako kuidai. Iwe na tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka, maili wakati inaingia na wakati inatoka, maneno ya malalamiko yako, walichokikuta na walichokifanya. Ukiikuta haina tarehe ya kutoka, irudishe dirishani palepale, maana hiyo ndo inahesabu siku 30 zako, na gari iliyolala siku 11 ikisubiri spea kutoka ng'ambo inaweza kuandikwa kama iliingia na kutoka siku moja.

Maneno ya malalamiko yaangalie kwa macho mawili. Yule anayekupokea kaunta anaandika kwa kifupi na kwa lugha yake. Wewe umesema gari imezima mara 3 ukiwa kwenye mwendo wa maili 65 na mtoto nyuma, yeye kaandika mteja anasema injini ina shida. Hapo mwambie aandike vizuri kabla hujasaini, kwa utulivu tu, hamna haja ya fujo. Na ukirudi mara ya pili kwa tatizo lilelile tumia maneno yaleyale. Hii ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu mara ya kwanza ukisema inatetemeka, mara ya pili inagonga, mara ya tatu gia nzito, mwanasheria wa kampuni atakuja kusema hayo ni matatizo matatu tofauti na kila moja limetengenezwa mara moja tu. Kama Kiingereza kinakusumbua andika malalamiko yako nyumbani, mpe mtoto akusaidie, peleka karatasi, na omba iambatanishwe.

Na kuna ile sentensi inayoua watu, kwamba tumeijaribu na tatizo halikuonekana. Unapewa gari yako na tabasamu. Usiende nyumbani ukajisemea basi haikutengenezwa, haihesabiki. Umeipeleka, umelalamika, walipata nafasi, kwa majimbo mengi hiyo ni hoja unayoweza kuisimamia kama jaribio. Dawa yake ni simu. Rekodi video inapotokea, taa zikiwaka dashibodi, mlio usikike, alafu muombe fundi apande uende naye mzunguko mmoja. Usirekodi huku unaendesha lakini, jamani, mpe aliyekaa pembeni.

Ukiwa unasubiri, ingia kwenye tovuti ya NHTSA, shirika la usalama barabarani la shirikisho, weka VIN ya gari, ile namba ya tarakimu na herufi 17. Itakuonyesha kama gari yako imeitwa kurudi kutengenezwa kwa kasoro ya usalama, na pale pale unaweza kuona taarifa ambazo kampuni zinawatumia mafundi wao kuhusu matatizo yanayojulikana. Ukikuta kampuni yenyewe imewaandikia mafundi kuhusu tetemeko hilohilo ambalo wewe umeambiwa ni kawaida ya gari hizi, ichapishe, iweke kwenye faili. Ila usichanganye hayo mawili: gari kuitwa kurudi hakuifanyi kuwa limau, wanatengeneza bure na mnaachana, na gari inaweza kuwa limau bila kuitwa hata siku moja.

Hela sasa. Ukishinda kurudishiwa, kwa kawaida unarudishiwa ulichotanguliza, marejesho ya kila mwezi uliyokwisha lipa, kodi na usajili, deni lililobaki linamalizwa kwa mkopeshaji, na gharama kama za kuvutwa au kukodi gari zinaweza kudaiwa. Kuna makato ya maili ulizotumia kabla ya shida, na hapa kila jimbo lina hesabu yake. California wanachukua maili zilizokuwepo siku ulipoipeleka mara ya kwanza kwa tatizo hilo, wanagawa kwa 120,000, wanazidisha kwa bei. Gari ya dola 36,000 uliyoipeleka mara ya kwanza ikiwa na maili 6,000 inakatwa dola 1,800. Ukiwa ulivumilia ukaipeleka ikiwa na maili 18,000, inakuwa dola 5,400. Tatizo lilelile, tofauti dola 3,600, kwa sababu tu ulisema ngoja nione kama itaacha yenyewe. New York ni wapole zaidi, maili 12,000 za kwanza hawakati kabisa, zinazozidi wanazidisha kwa bei na kugawa kwa 100,000.

Na wakati wote huo endelea kulipa mkopo. Najua inauma kulipia gari iliyolala gereji, lakini benki haikukuuzia ugonjwa, wao walikukopesha hela, ukiacha kulipa wataivuta gari na historia yako ya mikopo itachafuka, na gari ikishavutwa utairudisha nini?

Njia ya kudai inaanza na barua kwa kampuni, kwa posta ya kusainiwa, ukieleza gari, VIN, mara ulizopeleka na unachotaka. Majimbo kadhaa yanalazimisha hii barua na nafasi moja ya mwisho, kwahiyo usiione kama adabu tu. Baada ya hapo kampuni nyingi zina mfumo wa usuluhishi, unaojulikana sana ni BBB AUTO LINE, mteja halipi, na kwa kanuni za FTC mifumo ya aina hii inatakiwa itoe uamuzi ndani ya siku 40. Zuri lake ni kwamba wewe ukiona uamuzi haukuridhishi haukufungi, unaweza kuukataa ukaenda mbele. Baya lake ni kwamba uamuzi uliokwenda vibaya unaweza kuja kutumika mahakamani dhidi yako, kwahiyo usiende mikono mitupu eti kwa sababu ni bure. Texas wao jambo linakwenda kwa idara ya magari ya jimbo, TxDMV, ada ni dola 35, na unasikilizwa hata bila wakili, mimi naona ni moja ya mifumo inayomfaa mtu wa kawaida, mradi usichelewe, maana baada ya dirisha kufungwa una miezi 6 tu ya kufungua malalamiko.

Mahakamani ndo watu wanaogopa, wanafikiria dola 400 kwa saa. Hapa Magnuson-Moss na sheria kama ya California zimegeuza mambo: mteja akishinda, kampuni ndo inalipishwa ada ya wakili wake. Ndio maana unaona mabango ya mawakili wanaokuambia hulipi kitu. Wengi wao ni wa kweli, wanakula kwa kampuni, ila soma mkataba wao uone kama wanachukua pia asilimia ya kwako, na ukishindwa gharama za mahakama ni za nani. Kampuni ikifanya makusudi, California inaweza kuongezewa adhabu ya mpaka mara 2 ya hasara yako.

Huko California penyewe mambo yamebadilika karibuni na ukisoma makala ya zamani utapotea. Mwaka 2024 ilipitishwa sheria ya kufupisha na kubana taratibu, alafu 2025 ikarekebishwa ili itumike tu kwa kampuni zilizochagua wenyewe kuingia. Kwa walioingia, kesi lazima ifunguliwe ndani ya mwaka 1 baada ya waranti kuisha na isizidi miaka 6 tangu gari ikabidhiwe, na ukitaka ile adhabu ya makusudi lazima uwaandikie siku 30 kabla. Kwahiyo majirani wawili wa mtaa mmoja, gari za kampuni mbili, taratibu mbili. Nani alifikiria hili ni wazo zuri sijui, lakini ndo lilivyo, angalia kampuni yako iko upande gani kabla hujahesabu miaka.

Kitu kingine kinachotumika kutisha watu ni huduma ya kawaida. Unaambiwa kwa sababu ulibadilisha oili kwa fundi wa mtaani, tena Mkenya mwenzako, basi waranti imekufa. Sio kweli. Magnuson-Moss inakataza kampuni kukufunga kwa spea au huduma za chapa yake kama sharti la waranti, labda wakupe bure au FTC iwaruhusu. Mwaka 2022 FTC iliwachukulia hatua Harley-Davidson kwa sababu hiyohiyo, waranti yao ilikuwa inawatisha wateja kuhusu vipuri vya watu wengine. Wanachoweza kukataa ni uharibifu waliothibitisha umesababishwa na kazi ya huyo fundi. Wewe jukumu lako ni kuweka risiti za oili zenye tarehe na maili. Fundi wako wa mtaani hana risiti? Mnunulie kitabu cha risiti, dola chache hizo.

Waliokodi kwa lizi, yaani wanaolipia gari kwa muda bila kuimiliki, nao kwenye majimbo mengi wanalindwa, hesabu inakuwa ya malipo waliyotoa. Wanaoendesha Uber na Lyft waangalie vizuri, kwa sababu baadhi ya majimbo yanataka gari iwe ya matumizi ya binafsi au ya familia. California wanaruhusu ya biashara kama una magari yasiyozidi 5 yaliyosajiliwa jimboni na uzito wa gari uko chini ya pauni 10,000, hivyo dereva mwenye gari yake moja hana sababu ya kujiondoa mwenyewe. Na aliyenunua iliyotumika ambayo bado ina waranti ya kiwandani iliyobaki, mahakama ya juu kabisa ya California ilisema mwaka 2024 kwamba hiyo peke yake haiifanyi kuwa gari mpya. New York, New Jersey na Massachusetts wana sheria ya pembeni kwa magari yaliyotumika. New York kwa mfano dila anayekuuzia gari yenye maili chini ya 36,000 anatakiwa akupe waranti ya siku 90 au maili 4,000. Kwenye majimbo mengi mengine, kile kibandiko cha dirishani kinachosema AS IS kinamaanisha ukitoka nayo ni yako na magonjwa yake.

Na je, malimau yaliyorudishwa yanakwenda wapi? Hayachomwi moto. Kampuni inatengeneza na kuuza tena, kwenye mnada alafu kwa dila mwingine. California taitoli, ile kadi ya umiliki, inagongwa maneno Lemon Law Buyback, kibandiko kinawekwa kwenye fremu ya mlango wa kushoto, mnunuzi anaelezwa kwa maandishi tatizo lilikuwa nini na anapewa waranti ya mwaka 1 kwa tatizo hilo. Kwa bei iliyoshuka vizuri na karatasi zimenyooka, kuna watu wananunua kwa akili zao na hawajuti. Tatizo ni yale yanayohamishwa jimbo ili muhuri upotee kwenye usajili mpya, na hapo ndo unahitaji ripoti ya NMVTIS, hifadhi ya taarifa za taitoli ya nchi nzima, unailipia dola kadhaa tu kwa kutumia VIN.

Hili linawahusu pia mnaotuma magari nyumbani. Kenya na Tanzania usukani ni kulia na gari nyingi zinatoka Japan, lakini Kongo, Burundi na Rwanda wanaendesha upande mmoja na Marekani, na ndugu huku wanapakia kontena. Kampuni ya Marekani haitakutafuta Goma kukuambia gari hii iliwahi kurudishwa, na kadi itakayotolewa huko ni karatasi nyingine kabisa. Kabla hujatuma hata dola moja omba picha ya taitoli ya Marekani mbele na nyuma, na VIN iliyopigwa picha kwenye kioo cha mbele na nyingine kwenye fremu ya mlango, alafu mwambie mtu aliyeko huku akutolee ripoti. Muuzaji akisema taitoli iko kwa wakala wa meli na haiwezi kupigwa picha, subiri mpaka iweze.